Nani Amekufa Nyumbani?

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Shabani, pale Mabwerebwere, na siku ya kuanua tanga akaja mama mmoja na wembe na bakuli la maji kutunyoa sisi ndugu wa karibu, kama tunavyofanya sisi ambao bado tumeishika desturi hiyo. Vijana wa siku hizi wananyolewa kidogo tu pembeni, wanaona yameisha. Mimi iliponifikia harufu ya yale maji, maana yalikuwa yametiwa sabuni ya mche, nilijifunika kichwa kwa khanga. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi uniache."

Akasema, "Bibi, huyu si ndugu yako wa tumbo moja?"

Nikamwambia ndiye, na angekuwa hai yeye mwenyewe angekwambia uniache. Watu wakatazamana. Wakadhani nimechanganyikiwa na msiba. Sikuchanganyikiwa. Ni kwamba lipo jambo tulilokuwa tunalijua vizuri mimi na Shabani, na sasa nimebaki nalo peke yangu. Ninyi wa rika langu mtalielewa, maana nywele za msiba mlinyolewa na vijiji mlihamishwa. Mwandiko wangu mtaustahimili. Shule niliishia darasa la pili kwa sababu hiyohiyo nitakayoisema, kisomo cha watu wazima ndicho kilichonimalizia herufi.

Lilianza kama jino. Nilikuwa mtoto, meno ya mbele yameshaota mapya, likaanza kulegea gego la upande wa kulia ambalo halikuwa na sababu ya kulegea. Kisha la pili yake. Kisha shavu likavimba, na mimi nikafurahi kidogo, maana Shabani alikuwa akinitania kwamba nina mashavu ya panya. Bibi mzaa baba akanifunga majani ya moto. Akaitwa mtu wa dawa, akanichanja chale tatu, alama ninazo mpaka leo, ukinitazama karibu utaziona. Uvimbe ulikua kama mtu anaupuliza. Kula nikala uji tu, tena kwa upande mmoja. Baba akanibeba mgongoni mpaka zahanati, zahanati wakasema Kilosa, Kilosa wakatazama mara moja tu wakasema Dar es Salaam, na treni ya kesho.

Sasa nyumbani kwetu kulikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa miguu kutoka kituo cha treni cha Munisagara, nyumba zetu zimekaa moja huku, nyingine kule kilimani, kila mtu na shamba lake na migomba yake. Na wakati huo mikutano ya kuhamia kijijini ilikuwa haiishi. Baba hakuweza kutoka, mwenye nyumba asipoonekana mkutanoni anaambiwa mpinzani. Mama alikuwa na mimba kubwa. Ndiyo nikasafiri na shangazi Tausi, dada yake baba, mwanamke mrefu aliyekuwa haogopi nyoka wala mwanamume, lakini treni alikuwa hajawahi kuipanda.

Hospitali ile ilikuwa kubwa na ina harufu ya spiriti, sabuni ya mche na uji wa maziwa. Tulilazwa watoto watupu, wengine wamevimba taya kama mimi, mwingine tumbo, mwingine jicho. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba karibu wote wana vipara. Nikasikitika. Nikajisemea moyoni, maskini, wodi nzima hii imefiwa.

Msinicheke. Kwetu mtoto hanyolewi kipara hivihivi. Nywele unapunguzwa. Kipara ni cha mtoto mchanga wa siku ya saba, au cha mfiwa. Ananyoa bibi, na nywele zile zinafukiwa, na tangu siku hiyo kila unayepishana naye njiani anajua, anakupa pole hata kama hakufahamu. Hilo ndilo nililokuwa nalijua kuhusu kipara. Lingine nilikuwa sina.

Kitanda cha jirani alilala Rehema, mtoto wa kutoka upande wa Mikumi, mchangamfu, anajua nyimbo. Nikamuuliza, "Wewe umefiwa na nani?"

"Mimi sijafiwa."

"Sasa mbona umenyolewa?"

"Sijanyolewa. Zimetoka zenyewe."

Nikamwonea huruma zaidi. Nikamwambia, "Basi hujaambiwa."

Akanitumbulia macho, akaangua kilio kikubwa mpaka akaja sista wa zamu, mama mmoja wa Kichaga mwenye sauti kama kengele. "Nani kamliza mwenzake hapa? Wewe Kilosa? Umefika juzi tu umeshaanza fujo?" Kilosa ndilo lilikuwa jina langu mle wodini.

Nikaanza sindano. Za mishipani, zinaunguza, halafu unatapika mpaka maji ya nyongo. Uvimbe, nisiseme uongo, uliyeyuka kama mafuta juani. Shangazi alikuwa akinipapasa shavu kila asubuhi, anasema "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," na mimi nikaanza kula wali. Kisha asubuhi moja nikanyanyua kichwa, nywele zikabaki kwenye mto.

Nilizitazama sana zile nywele. Sikulia. Niliona kama mtu amekuja kunipa habari akashindwa kusema, akaziacha pale. Nikasema, basi, imenifikia na mimi. Hapa mjini watu hawana muda wa wembe na maji, wanakutilia dawa kwenye sindano, nywele zinatoka, ndiyo umeshafiwa.

Nikamuuliza shangazi, "Nani amekufa nyumbani?"

"Haa! Zena! Mdomo wako huo! Hakuna aliyekufa."

"Bibi?"

"Bibi mzima."

"Ni mama na mtoto tumboni?"

"Nimekwambia hakuna!" Akageuza uso, akajifuta macho na pembe ya khanga. Leo najua alilia kwa sababu daktari alikuwa amemwambia dawa zimekubali lakini njia bado ndefu, na yeye asingeweza kumweleza mtoto. Lakini mimi niliona machozi tu. Mtu anayesema hakuna aliyekufa huku analia, ungemwamini wewe?

Sista akajaribu. "Sikiliza, Kilosa. Ni dawa ndiyo inang'oa nywele. Zitaota."

"Dawa ya taya inakwenda kichwani kufanya nini?"

Akamwambia shangazi, "Huyu mtoto wenu atakuwa wakili." Sikuwa wakili. Nimeuza vitumbua Mikumi barabarani miaka yangu yote, lakini maneno ya sista nilikuwa nikiyatumia kwa wanangu wakinibishia.

Basi nikaamua nikae tanga mwenyewe. Nikashuka kitandani, nikakaa sakafuni, miguu nimeinyoosha kama wakaavyo wanawake msibani. Mpira sichezi. Wimbo siimbi. Nyama ikiletwa nampa Rehema. Madaktari wakaona mtoto uvimbe umekwisha lakini anazidi kudhoofu, wakapima damu, wakapima mkojo, wakanidunga mgongoni, hawakuona kitu. Kingeonekana wapi? Nilikuwa nangoja niambiwe jina la marehemu nianze kumlilia yeye, maana kulilia watu wote kwa pamoja kunachosha sana.

Hapa niseme kidogo jambo la baadaye, halafu nitarudi wodini. Juzijuzi hapa mjukuu alinipeleka kliniki kwa ajili ya presha, nikakutana na daktari kijana wa kike. Alipoona taya langu limebonyea upande mmoja akauliza, nikamweleza. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Bibi, wakati ule kuna mtu aliyewahi kukuuliza moyoni ulikuwa unawaza nini?" Nikacheka. Mwanangu, waliuliza nimekula, nimekunya, joto limepanda, jino linauma. Mambo ya moyo nani aulize? Akasema siku hizi wanauliza. Nikafurahi. Nikamwambia basi waulizeni watoto vizuri, msiwaulize kama askari, maana mtoto anaweza kuwa amepona taya huku anazika ukoo mzima peke yake. Akaniuliza na ya sasa. Nikamwambia ukweli: jino likiniuma hata leo nanyamaza nyumba nzima inajua. Lakini nimeolewa, nimezaa wanne, na nilikuwa nimeambiwa sitazaa, na tembo wa Mikumi wamekula migomba yangu mara nyingi kuliko nilivyougua. Akaandika presha iko sawa.

Turudi. Rehema alikufa. Sitalizungusha neno hilo. Alipelekwa chumba kingine asubuhi, na sisi tuliobaki tukatolewa nje kwenye kivuli, wodi ikasafishwa, magodoro yakakunjwa yote yaanikwe. Shangazi Tausi akaenda kukaa na mama yake Rehema kule nyuma, chini, wamejifunika khanga, wanalia pamoja, maana walikuwa wamekuwa kama ndugu. Mimi niliambiwa Rehema ameruhusiwa kwenda kwao Mikumi. Hilo nililiamini, tena nikamwonea wivu. Ajabu ya akili ya mtoto. Nimekuja kuishi Mikumi hiyohiyo, na miaka ya mwanzo nilikuwa namtazama kila mwanamke wa umri wangu sokoni, ingawa nilikuwa nimeshajua. Kwa nini yeye na si mimi, dawa ileile, sista yuleyule? Nimeliuliza swali hilo mpaka nikalizoea, sasa nakaa nalo tu kama mgeni asiyeaga.

Ikapita miezi. Nikaruhusiwa. Uvimbe hakuna, meno pungufu, kichwani vinyweleo kama vya ndama. Tukapanda treni na shangazi ananunua kila kitu madirishani, mahindi, machungwa, anacheka na watu asiowajua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakwenda kujua.

Tukashuka Munisagara, tukavuka mto, tukapanda. Nyumba haikuwepo.

Yaani ilikuwepo, lakini si nyumba. Paa limeng'olewa, miti imechukuliwa, ukuta umesimama nusu, na mboga za maboga zimeshaanza kuingia mlangoni. Nyumba ya bibi vilevile. Ya jirani vilevile. Hapana kuku, hapana moshi. Shangazi aliita, "Kaka! Wifi! Mama!" Kimya. Akaning'ang'ania mkono, shangazi ambaye nyoka alikuwa anawashika mkia.

Nikamwambia, "Shangazi, siyo mmoja. Wameisha wote."

Naye, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, hakuniambia hapana.

Tukarudi njiani tumeshikana mikono. Kwenye reli tukamkuta mzee Masanja na koleo lake. Masanja alikuwa Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge, akabaki, akapata kazi ya kutengeneza reli. Alikuwa mtani wetu. Mnajua mtani: yeye ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya baba yako, na kwenye msiba wenu anakuja kuchekesha na kuchukua chochote anachokitaka, na hakuna wa kumzuia. Aliponiona alidondosha koleo. Akarudi nyuma hatua, tena hatua, mpaka akakaa chini kwenye kokoto.

"Shikamoo, babu," nikasema.

Hakuitikia. Mtu mzima, shikamoo haitikii! Akamwuliza shangazi, kwa sauti ndogo, "Huyo unayemshika mkono, na wewe unamwona?"

"Masanja, leo sina nafasi ya utani. Watu wetu wako wapi?"

"Wako kijijini. Walihamishwa, wako kule ng'ambo ya reli, nyumba zimepangwa mistari." Bado ananitazama. "Marahaba," akasema mwishowe, halafu machozi yakamtoka. "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba. Marahaba." Akainuka akaanza kukimbia mbele yetu, mzee mzima, koleo ameliacha relini, na gari moshi lingeweza kupita.

Tulipofika watu walikuwa wameshatoka nje kwa kelele zake. Nyumba mpya za miti, bado hazijakandikwa, zimesimama kwenye mstari kama wanafunzi. Nikamwona mama. Nikamwona baba. Bibi akiegemea mlango. Shabani. Nikawapitia wote kwa macho, mmoja mmoja, kama mchungaji jioni, na hakupungua mtu, tena mama ameshika mtoto mchanga, wameongezeka. Moyo ukataka kupaa.

Kisha nikaona vichwa vyao. Wote nywele fupi zinazolingana, zile za mtu aliyenyoa kipara miezi iliyopita. Baba. Mama, hana khanga kichwani, ilikuwa imemdondoka. Bibi. Hata Shabani. Nikasema, ndiyo hiyo. Shangazi alinidanganya. Mama alikuwa ananijia mbio, nikarudi nyuma, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Nani amekufa?"

Watu wazima wakasimama pale pale. Baba akatazama chini. Ndipo Shabani, ambaye naye alikuwa mtoto na hakujua kuficha, akanyoosha kidole.

"Wewe."

Mambo yalikuwa hivi. Masanja alikwenda Dar kwa kazi yake ya reli, akapitia hospitali kunisalimu na chane ya ndizi. Akafika siku ileile ya Rehema. Akaingia wodini, godoro langu limekunjwa. Akachungulia nyuma, akamwona shangazi amekaa chini amejifunika khanga analia na wanawake. Mwanamume wa kwetu akiona hivyo anauliza nini tena? Aliziacha ndizi dirishani akapanda treni. Nyumbani hawakumwamini, baba alimwambia, "Masanja, huo sasa umepita utani," mpaka walipomwona analia. Wakasema nimezikwa hukohuko mjini, Tausi amebaki kunikalia tanga. Wakasoma dua, wakanyoa. Wiki hiyohiyo wakaja mgambo kuwahamisha, hata nafasi ya kumfuata Tausi ikakosekana.

Lakini haya nilikuja kuyaelewa baadaye. Wakati ule nililisikia lile neno moja tu, na nitawaambia nilivyohisi, mniamini msiniamini. Nilifurahi. Nilijipapasa tumbo, nikajipapasa shavu, nilikuwepo. Kama aliyekufa ni mimi, basi hakuna aliyekufa! Mzigo wa miezi yote ile, wa bibi, wa mama, wa baba, ulinishuka mara moja mpaka nikajikojolea, pale mbele ya kijiji kizima.

Hapo ndipo mama alinifikia. Sitaeleza.

Watu walilia, wakacheka, wakalia tena. Wengine, nisifiche, walisimama mbali wakinitazama mguuni kama nakanyaga chini, na wapo waliokataa kunywa maji kwenye kata niliyonywea, wakaendelea hivyo muda mrefu. Walinihurumia mpaka nikachoka, sauti zinashushwa nikipita. Aliyenikata kiu ni Masanja. Siku hiyohiyo ya kufika, baada ya uji, baba akiwa amekaa ananitazama tu, nikauliza vitu vyangu. Mkeka wangu alikuwa amepewa binamu. Gauni vilevile. Nikauliza kuku wangu yule mweupe.

Masanja akakohoa. "Kuku nimemla mimi. Ni haki ya mtani. Nilimla kwenye msiba wako, alikuwa mtamu."

"Nirudishie!"

"Nirudishe kuku wa marehemu? Kwanza wewe ni nani? Aliyekuwa na kuku alikuwa na mashavu, wewe una moja. Ukitaka kuku, kufa tena, kwa adabu safari hii, utuite tuje tuone."

Bibi alishika mdomo. Shangazi akaokota kijiti amtupie. Halafu ikasikika sauti inacheka, inacheka mpaka inapaliwa, na alikuwa baba, ambaye wanasema alikuwa hajacheka tangu kunyoa. Nami nikamtukana Masanja kipara cha ukweli, maana yeye alikuwa nacho cha uzee, na tangu siku hiyo nilijua kwa mtu mmoja walau mimi ni mzima kabisa.

Jua lilikuwa linashuka juu ya ile mistari ya nyumba. Mama alinikalisha mkekani, akaniwekea mtoto mapajani. Wa kike, mnene, naye ana vinyweleo vifupi kama sisi sote.

"Anaitwa nani?"

Mama akasita. "Tulimpa lako," akasema. "Tulidhani halina mwenyewe."

Nikamtazama yule mtoto mwenye jina langu. Sikuona vibaya, tulitosha wote wawili. Mama akaenda jikoni, nusu jiko maana ukuta ulikuwa bado, na alipofika kule akaita, "Zena!"

Mtoto akashtuka, akakunja uso alie. Nikawahi. "Abee, mama!"

Hakunituma kitu. Nilingoja. Nikasikia anapuliza moto, anapanga vijiti. Kisha akaita tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Zena."

"Abee, mama."

"Zena."

"Abee."